Damu Imepungua: Istilahi za Damu na Saratani za Uzazi kwa Mfano wa Njombe na Makambako

Madhumuni ya makala haya ni kueleza jinsi Kiswahili kilivyopata maneno yanayotumika leo kutaja damu na chembe zake, na jinsi maneno hayo yanavyofanya kazi mwanamke anapougua saratani ya viungo vya uzazi. Wafasiri, walimu na watumishi wa serikali wamezoea kuulizwa neno fulani kwa Kiswahili ni lipi. Sisi tungependa kuongeza swali la pili, ambalo huulizwa mara chache: mtu akishaambiwa neno hilo, atafahamu nini, na atafanya nini? Sentensi itakayotuongoza ni hii: "Damu yako imepungua." Ni sentensi fupi, ni Kiswahili safi, na hakuna asiyeifahamu. Walakini, kwa mgonjwa wa saratani sentensi hiyo yaweza kuwa na maana tatu zilizo mbalimbali, na kila maana ina hatari yake.

Tumechagua kulitazama jambo hili kutoka Njombe na Makambako. Mkoa wa Njombe ulianzishwa mwaka 2012 kwa kumegwa kutoka Mkoa wa Iringa. Wenyeji wake wengi ni Wabena, Wakinga, Wapangwa na Wawanji, na wengi wao hutumia lugha zao za asili nyumbani na Kiswahili katika ofisi, soko na zahanati. Makambako, ulio umbali wa kilomita 60 hivi kutoka mji wa Njombe, ni njia panda: hapo barabara kuu ya Dar es Salaam kwenda Zambia hukutana na barabara ya kwenda Njombe na Songea, na hapo pana stesheni ya reli ya TAZARA, iliyojengwa kati ya mwaka 1970 na 1975 na kukabidhiwa rasmi mwaka 1976. Mahali pa namna hii Kiswahili ndicho kinachowaunganisha mgonjwa, muuguzi na mwandishi wa kadi. Zaidi ya hayo, mambo mawili ya Njombe, yaani mwinuko wake na historia yake katika janga la UKIMWI, yanaufanya uchaguzi wa maneno ya damu kuwa mgumu kuliko kwingineko. Tutayaeleza yote mawili kwa zamu yake.

Jina la ugonjwa

Neno saratani limetoka katika Kiarabu, ambamo maana yake ya kwanza ni kaa, yule mnyama wa pwani. Waganga wa Kiyunani wa kale waliupa ugonjwa huu jina la kaa kwa lugha yao. Inasimuliwa kwamba mishipa iliyovimba kuzunguka uvimbe iliwakumbusha miguu ya kaa. Walatini wakafasiri kwa neno lao la kaa, na Waarabu wakafanya vivyo hivyo. Pwani yetu neno hili lilikuwa na kazi nyingine pia: Saratani ni moja katika zile nyota kumi na mbili za falaki, inayofuata Jauza na kutangulia Asadi. Hivyo, tunapotumia saratani kwa ugonjwa, tunatumia jina ambalo tayari lilikuwa na makazi katika elimu ya wenyeji. Kansa, kwa upande mwingine, ni neno lilelile la Kilatini lililotufikia kwa njia ya Kiingereza. Maneno haya mawili ni ndugu wa baba mmoja, na ugomvi wa wale wanaotaka kulifuta moja kwa ajili ya jingine hauna msingi mkubwa. Maandishi rasmi yamechagua saratani. Wananchi wengi husema kansa. Mfasiri wa kijitabu cha afya hana budi kujua yote mawili.

Neno la tatu ni donda ndugu. Kwa asili lilitaja kidonda kibaya kinachokula nyama na kuenea, ambacho mara nyingi hutokea mguuni. Wako waliolitumia kwa saratani kwa kuwa saratani nayo huenea. Lakini donda ndugu huonekana kwa macho, ilhali saratani ya kizazi hukaa ndani miaka mingi bila alama. Mwanamke aliyefundishwa kwamba saratani ni donda atangoja kuliona donda. Hali kadhalika neno uvimbe halitoshi, kwa sababu wanawake wengi wana uvimbe wa kizazi usio saratani. Mfasiri anayeandika "uvimbe" mahali palipokusudiwa saratani humpa mgonjwa faraja isiyo ya kweli, na anayefanya kinyume chake humtia hofu asiyostahili.

Yafaa kukumbuka kwamba msamiati wetu wa afya ulijengwa hasa kwa ajili ya magonjwa yanayotoka nje ya mwili. Mwaka 1967, mwaka ambao Bunge lilipitisha Sheria Na. 27 ya kuunda Baraza la Kiswahili la Taifa, serikali iliagiza Kiswahili kitumike katika shughuli zake zote. Miaka sita baadaye, mwaka 1973, ilifanyika kampeni ya elimu kwa redio iliyoitwa "Mtu ni Afya", iliyowafikia watu karibu milioni 2 katika vikundi vya kusikiliza. Kampeni hiyo ilihusu magonjwa kama malaria, kuhara damu, kichocho, minyoo ya safura na kifua kikuu. Maneno yaliyoenea kwayo yalikuwa ya vijidudu, mbu, konokono, vyoo na maji ya kuchemsha. Ilikuwa kazi kubwa na yenye manufaa. Lakini saratani si mdudu anayeingia mwilini. Ni chembe za mwili wenyewe zinazoacha kutii mpaka wake. Kwa habari hiyo redio ya wakati ule haikutuachia maneno, na hospitali zimelazimika kuyaokoteza zenyewe.

Kiungo kinachougua

Saratani za uzazi zinazozungumzwa zaidi ni za mlango wa kizazi, za mji wa mimba wenyewe, na za vifuko vya mayai. Ile ya mlango wa kizazi ndiyo inayoua zaidi nchini. Kwa makadirio ya shirika la kimataifa la utafiti wa saratani kwa mwaka 2020, Tanzania ilikuwa na wagonjwa wapya zaidi ya 10,000 na vifo zaidi ya 6,500 katika mwaka mmoja.

Kiungo hiki kina majina mawili. Shingo ya kizazi ni tafsiri ya neno la Kilatini lenye maana ya shingo, lililopitia Kiingereza. Mlango wa kizazi hufuata kazi ya kiungo kama mwanamke anavyoijua: ndipo mtoto anapopitia. Wizara ya afya imetumia sana jina hili la pili, na twaona kwamba ilifanya vema. Lakini yapo matatizo katika neno kizazi lenyewe. Kwa daktari, kizazi ni kiungo. Kwa mwananchi, kizazi ni kiungo, ni uwezo wa kuzaa, na pia ni watoto na wajukuu watakaokuja. Anapoambiwa kwamba ataondolewa kizazi, mwanamke husikia kwamba ukoo wake unakatwa. Na ilipoanza kutolewa nchini kote mwaka 2018 ile chanjo ya kukinga maambukizi ya virusi vinavyosababisha saratani hii, kwanza kwa wasichana wa miaka 14, wako wazazi walioshuku kwamba chanjo hiyo ilikuwa ya kuzuia kuzaa. Jina lililofupishwa na kuwa "chanjo ya kizazi" haliwezi kuondoa shaka ya namna hiyo, huilisha. "Chanjo ya kukinga saratani ya mlango wa kizazi" ni jina refu, lakini urefu wake ni wa lazima.

Upande wa uchunguzi umepata bahati njema zaidi. Njia iliyoenea katika zahanati na vituo vya afya ni kupaka siki kwenye mlango wa kizazi na kutazama kama pana sehemu inayogeuka nyeupe. Kwa kuwa siki ni neno la jikoni, kila mwanamke hulifahamu, na hofu ya kipimo hupungua.

Kutoka chembe hadi hesabu ya damu

Sasa tuje kwenye damu yenyewe. Historia ya elimu ya damu ni historia ya kutenganisha kitu kilichoonekana kuwa kimoja. Mwaka 1665 Mwingereza Robert Hooke, akitazama gamba la mti kwa hadubini, aliona vijumba vidogo na kuvipa jina la Kilatini lenye maana ya chumba. Ndilo asili ya neno letu seli. Mwaka 1674 Mholanzi Antonie van Leeuwenhoek aliandika habari za chembe nyekundu za damu. Mwaka 1852 Mjerumani Karl Vierordt alionyesha namna ya kuzihesabu. Mwaka 1879 Paul Ehrlich, kwa kutumia rangi, alianza kuzitenganisha chembe nyeupe katika aina zake. Mwaka 1882 Mwitalia Giulio Bizzozero alieleza kazi ya chembe ndogo kabisa zinazogandisha damu, na akaziita visahani. Hivyo, hadi mwisho wa karne ya 19, damu iliyokuwa moja ilikuwa imekwisha kugawanywa mara tatu.

Kiswahili kilipoipokea elimu hii kilikuwa na njia mbili. Njia ya kwanza ilikuwa kutumia neno lililokuwapo, yaani chembe, ambalo ni punje ndogo ya kitu chochote: chembe ya mchanga, chembe ya mtama. Njia ya pili ilikuwa kulikopa neno seli. Leo yote mawili yanatumika: walimu wa sayansi husema seli, waelimishaji wa afya husema chembe au chembechembe. Kukopa hakukuwa na ubaya, kwani neno seli limezaa jina zuri la selimundu, ambalo humweleza hata asiye na elimu ya biolojia kwamba seli imepinda kama mundu. Lakini kwa habari ya damu, chembe lina faida kubwa: kitu chenye chembe huhesabika. Mkulima anayeelewa punje za mahindi katika gunia ataelewa kwamba hospitali inahesabu chembe katika tone la damu. Chembe sahani, jina linalofuata lile la Bizzozero, nalo limekubalika, ingawa mgonjwa anahitaji kuongezewa maelezo kwamba ndizo zinazoziba jeraha.

Kabla ya hayo yote pwani ilikuwa na neno safura. Asili yake ni neno la Kiarabu linalohusu rangi ya manjano, nalo lilitaja hali ya mtu aliyepauka, aliyevimba na kuishiwa nguvu. Baadaye lilihusishwa na minyoo inayonyonya damu, na kampeni ya mwaka 1973 ililiimarisha katika maana hiyo. Kwa hiyo haliwezi tena kutumika kwa upungufu wa damu unaotokana na saratani. Likitumika, mgonjwa atatafuta dawa ya minyoo. Tunalitaja ili kuonyesha kwamba neno laweza kuwa la kienyeji, zuri na la kale, na bado lisifae.

Kipimo chenyewe huitwa kwa herufi tatu za Kiingereza zinazoandikwa katika fomu za maabara, na wako wanaosema picha kamili ya damu. Neno picha linapotosha. Mgonjwa aliyekwisha kupigwa picha ya eksirei na ya mawimbi ya sauti hutazamia picha nyingine, kumbe hupewa karatasi yenye tarakimu. Hesabu kamili ya chembe za damu ni jina linalosema lililofanyika.

Yanayobadilika katika damu

Mabadiliko ya damu katika saratani za uzazi yako ya namna tatu.

La kwanza ni kupungua kwa chembe nyekundu na hemoglobini iliyomo. Mgonjwa wa saratani ya mlango wa kizazi huvuja damu, pengine kidogo kidogo kwa miezi mingi, na pamoja na damu hupoteza madini ya chuma. Aidha, ugonjwa wenyewe huufanya mwili ushindwe kuyatumia vizuri madini uliyonayo. Uvimbe ukienea pembeni huweza kuibana mirija inayoshusha mkojo, figo zikadhurika. Na kwa kuwa figo ndizo zinazotoa kichocheo cha kuuamrisha uboho utengeneze chembe nyekundu, damu huzidi kupungua. Mgonjwa huchoka, huhema kwa shida na kusikia kizunguzungu. Tena tiba ya mionzi hufanya kazi vizuri zaidi mahali penye oksijeni ya kutosha, na oksijeni huchukuliwa na hemoglobini. Kwa hiyo waganga huiangalia hesabu hii kabla ya tiba na wakati wa tiba.

La pili ni mabadiliko ya chembe nyeupe. Katika saratani zilizoenea, baadhi ya chembe hizi huongezeka na nyingine hupungua, na watafiti wamezilinganisha aina mbili, nyutrofili na limfosaiti. Kwa jumla, wagonjwa ambao za kwanza zimezidi sana za pili huwa na hali mbaya zaidi, ingawa ulinganisho huo hautoshi kutabiri habari za mgonjwa mmoja. Tiba ya kemikali, kwa upande wake, huugusa uboho na kuzipunguza chembe nyeupe kwa siku kadhaa baada ya kila dozi. Katika siku hizo homa si jambo dogo. Mgonjwa mwenye homa hana budi kurudi hospitali saa hiyohiyo, asingoje asubuhi wala asinunue vidonge dukani.

La tatu ni chembe sahani. Tiba ikizipunguza, fizi na pua hutoka damu, na mwili huwa na madoa. Ugonjwa wenyewe, hasa saratani ya vifuko vya mayai, mara nyingi huziongeza. Utafiti wa wanawake 619 wenye saratani hiyo, uliochapishwa Marekani mwaka 2012, uliona kwamba asilimia 31 walikuwa na chembe sahani nyingi kupita kiasi, na ukaeleza sababu: uvimbe hutoa kemikali inayolichochea ini, nalo ini huuhimiza uboho. Chembe sahani zikizidi, damu huweza kuganda ndani ya mishipa, na mguu mmoja ukavimba na kuuma.

Msomaji sasa ataona kwa nini sentensi yetu ya mwanzo ina hatari. "Damu yako imepungua" yaweza kumaanisha kwamba nyekundu zimepungua, na jambo la kuangalia ni uchovu na kuhema. Au kwamba nyeupe zimepungua, na jambo la kuangalia ni homa. Au kwamba sahani zimepungua, na jambo la kuangalia ni kutoka damu. Mwanamke asiyeambiwa ni ipi atafanya kile anachokijua kwa upungufu wa damu: atakula mboga za majani na kunywa maji ya rozela. Kwa maana ya kwanza, hayo si mabaya. Kwa maana ya pili, akiwa nyumbani na homa usiku, yanaweza kumgharimu maisha yake.

Neno kinga katika mkoa wenye UKIMWI

Wako watakaosema kwamba dawa ni rahisi: badala ya "chembe nyeupe zimepungua", tuseme "kinga imepungua". Kwa miaka mingi walimu wameziita chembe nyeupe askari wa mwili, na kinga ni neno la Kibantu, lenye nguvu na la zamani. Lakini tutazame historia yake ya karibuni. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walitambuliwa mkoani Kagera mwaka 1983. Mwanzoni wananchi waliuita Juliana, kwa jina la kitambaa kilichopendwa wakati ule. Kisha likaundwa jina rasmi kwa kufupisha maneno upungufu wa kinga mwilini, na hakuna kifupisho cha Kiswahili kilichoenea upesi kuliko hicho. Mafanikio hayo yalikuwa na gharama yake: tangu hapo, kinga na upungufu vikikaa pamoja, msikilizaji husikia UKIMWI.

Njombe ndipo gharama hiyo inapolipwa zaidi. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 na 2023 uliukuta mkoa huu ukiwa na asilimia 12.7 ya watu wazima wanaoishi na virusi vya UKIMWI, kiwango cha juu kuliko mikoa yote. Kwa nchi nzima kilikuwa asilimia 4.4. Na mambo haya mawili hayako mbali. Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba mwanamke anayeishi na virusi vya UKIMWI ana hatari ya saratani ya mlango wa kizazi mara 6 hivi kuliko asiye navyo. Hivyo wako wanawake wenye magonjwa yote mawili, wako wenye moja tu, na wote huketi katika benchi moja. Mwanamke mwenye saratani pekee, akiambiwa mbele ya shemeji yake kwamba kinga yake imepungua kwa sababu ya dawa, hurudi nyumbani na jina la ugonjwa asiokuwa nao. Yule mwenye magonjwa yote mawili hudhani dawa zake za kupunguza makali ya virusi zimeshindwa, na pengine huziacha. Kosa la kwanza huvunja nyumba, na la pili huua.

Kwa sababu hiyo twasema kwamba, katika maelezo ya tiba ya saratani, kinga isitumike kama jina la hesabu ya chembe nyeupe. Neno liachwe lifanye kazi yake katika chanjo, ambako linaeleweka vizuri na halimwaibishi mtu.

Kawaida ya wapi?

Limebaki neno moja ambalo wafasiri hulipita upesi, nalo ni kawaida. Karatasi ya maabara huwa na safu ya tarakimu za mgonjwa, na kando yake safu ya viwango vya kawaida. Kwa mwanamke asiye mjamzito, Shirika la Afya Duniani limeweka mpaka wa hemoglobini kuwa gramu 12 kwa kila desilita; chini ya hapo huhesabiwa kuwa na upungufu wa damu. Lakini mpaka huo ni wa watu waishio karibu na usawa wa bahari. Katika nyanda za juu hewa ni nyepesi, na mwili hutengeneza chembe nyekundu zaidi ili kufidia. Ndiyo maana mwongozo wa shirika hilo wa mwaka 2011 ulishauri kwamba, kabla ya kulinganisha, ipunguzwe gramu 0.5 kwa anayeishi mita 1,500 juu ya bahari, na gramu 0.8 kwa anayeishi mita 2,000. Mwongozo mpya wa mwaka 2024 umeendeleza kanuni hiyo kwa tarakimu zilizorekebishwa.

Makambako ipo juu ya mita 1,600, na mji wa Njombe unakaribia mita 2,000. Tuchukue mfano wa mwanamke wa Njombe mwenye gramu 12.3. Kwa mpaka wa pwani hana upungufu wowote. Kwa hesabu ya mwaka 2011 ana gramu 11.5, na tayari ni mpungufu wa damu. Iwapo amekuwa akivuja damu kidogo kidogo kwa miezi sita, neno kawaida katika karatasi yake limeficha dalili ya mapema. Na kwa kuwa wengi hupelekwa mbali kwa tiba, kama vile katika Taasisi ya Saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 600 kutoka Makambako, karatasi hiyo husafiri na mgonjwa kutoka mlimani hadi baharini, ikisomwa na watu walio chini ya mpaka mwingine.

Kwa Kiswahili, kawaida ni mazoea, ni jambo linalotokea siku zote. Mtu akiambiwa kwamba damu yake ni ya kawaida husikia kwamba ni nzima. Istilahi kiwango linganishi ingefaa zaidi katika karatasi ya maabara, kwa kuwa humfanya msomaji aulize: kulinganisha na nani, na wa mahali gani? Pamoja nayo yafaa yaandikwe makazi ya mgonjwa.

Hitimisho

Kwa jumla, historia tuliyoipitia inaonyesha kwamba maneno yetu ya damu hayakuja kwa wakati mmoja wala kutoka mahali pamoja. Saratani na safura yalikuja na lugha ya pwani, seli ilikuja na shule, na kinga katika maana yake ya sasa imebeba huzuni ya miaka ya 1980. Kila neno limekuja na mzigo wake, na mfasiri asiyeujua mzigo huo humtwisha mgonjwa bila kukusudia. Tatizo huwa kubwa zaidi kwa sababu waganga wetu wanasomeshwa kwa Kiingereza na kuhudumu kwa Kiswahili. Kila mazungumzo wodini ni tafsiri, na mara nyingi hufanywa kwa haraka na muuguzi ambaye hakuna aliyemwandalia msamiati.

Tunapendekeza mambo manne kwa wahusika wote:

(a) Neno damu lisiachwe peke yake katika maelezo ya matokeo. Ielezwe chembe nyekundu, chembe nyeupe au chembe sahani, na kila moja iambatane na jambo la kuangalia nyumbani: uchovu na kuhema, homa, au kutoka damu.

(b) Hesabu kamili ya chembe za damu ichukue nafasi ya picha kamili ya damu, na kiwango linganishi kichukue nafasi ya kiwango cha kawaida.

(c) Maneno upungufu wa kinga yasitumike kwa athari za tiba ya kemikali.

(d) Katika maswali ya uchunguzi, "Je, unatokwa na damu?" igawanywe. Mwanamke aulizwe kama anatokwa na damu isiyo ya hedhi, baada ya kujamiiana, au baada ya kukoma hedhi. Swali lisilogawanywa hujibiwa kwa aibu au kwa mazoea, na dalili hupotea.

Mapendekezo haya hayahitaji mtambo wala fedha nyingi. Yanahitaji kwamba walimu wa vyuo vya afya wayafundishe maneno haya pamoja na yale ya Kiingereza, kwamba watumishi wanaochapisha kadi na fomu wayatumie, na kwamba yajaribiwe kwanza kwa wenyewe watakaoyasikia. Kabla neno halijasanifiwa, lipelekwe katika kliniki ya akina mama ya Makambako, likasemwe kwa mama aliyetoka kijijini Wanging'ombe au Ludewa, na aombwe aeleze kwa maneno yake mwenyewe alichoambiwa. Akisema kwamba akipata homa usiku atarudi hospitali, istilahi yetu imefaa. Akisema kwamba atachemsha mboga, hatuna budi kuirudia kazi.